Tairi Nilizomchagulia Baba

Alhamisi, 6 Machi

Foleni kwenye ofisi yetu ya kaunti tangu saa mbili. Watu wa mashamba, kila mmoja na bahasha yake, kila mmoja anataka leo. Chai ya saa nne sikuionja. Baba amepiga simu mara tatu. Ni zile tairi.

Saa saba nikatoka na karatasi aliyonipa Krismasi. Mwandiko wake wa ubaoni: 165/80 R15, nne, mpya, na tyubu zake. Upepo mbele 18, nyuma 27. Neno "mpya" amelipigia mstari. Miaka thelathini na moja akifundisha darasa la sita, na bado anaamini mtu asipopigiwa mstari atakosea.

Gari ni ile Volkswagen yake ya mgongo wa kobe. Imenizidi umri. Jumapili anampeleka Mama kanisani, siku ya soko anashuka Nkubu. Basi. Huko Nkubu tairi za saizi hiyo amekosa, na macho yake hayasomi tena namba ndogo ubavuni mwa tairi. Kwa hivyo mimi. Niko Embu, maduka yako hapa, na mimi ndiye mkubwa.

Duka la kwanza hakuna. La pili wakacheka, eti hizo nyembamba ni za mkokoteni. La tatu mwenye duka anaitwa Ireri, mtu mzima, mpole. Ataagiza Nairobi, nisubiri wiki mbili. Nikasema nitafikiria. Nikarudi ofisini nimechelewa na njaa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimenunua. Si zile.

Nilirudi kwa Ireri nikamuuliza ana nini hapo hapo. Akanionyesha 195, pana, za mtumba kutoka Japani. Meno marefu, zimepakwa rangi nyeusi zikang'aa. Nikamuuliza kama zitaingia.

"Kuingia zitaingia, madam. Ringi ni kumi na tano, tairi ni kumi na tano. Lakini gari ya mzee, mimi ningengoja zile nyembamba."

Nikashika neno zitaingia. Hayo mengine nikayaacha pale dukani.

Tyubu sikununua. Ireri alisema hizi hazihitaji.

Sababu ni hii, na niiandike kama ilivyo. Kesho dada yake Wanja wa ofisini kwetu analetewa ruracio, yaani mahari, karibu na Nkubu, na kuna gari la kutupeleka. Tairi zitaingia nyuma. Sikutaka kusafiri mara mbili mwezi mmoja. Hakuna sababu nyingine.

Jumamosi, 8 Machi

Nikapitia nyumbani asubuhi kabla ya sherehe. Baba alikuwa ameshavaa koti, kama anayengoja mgeni. Akapitisha vidole kwenye meno ya tairi, moja baada ya nyingine, zote nne.

"Ndizo zile?"

"Ndizo."

Akaniita msichana wangu. Hajaniita hivyo tangu niolewe.

Kinoti, fundi wake, alikuwa ameenda matanga Chogoria. Baba angemngoja. Mimi nikasema tukazifungie kwa watu wa pancha pale sokoni, ni kazi ya dakika kumi. Walijaza upepo sawa kote, thelathini na tano. Nilikuwa na karatasi mkobani. Nilikuwa natazama saa.

Ruracio ilikuwa nzuri. Nyama nyingi. Nilirudi Embu nikiimba.

Jumatano, 19 Machi

Baba amepiga. Usukani umekuwa mzito. Nikamwambia tairi mpya huwa ngumu mwanzoni, zitazoea. Hata sijui kama ni kweli. Ilinitoka tu, laini kabisa.

Akasema, sawa, wewe ndiye uliyeongea na watu wa duka.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua imeanza. Embu yote inanuka udongo.

Baba tena. Kuna kitu kinakwaruza mbele akikata kona. Zaidi kushoto. Mama pia amekisikia.

Nilijua. Nilijua hapo hapo, simu ikiwa sikioni. Tairi ni pana, inagusa bati.

Nikamwambia ni matope yameshika kwenye madigadi.

Nilitaka kumpigia Kinoti aende atazame. Halafu wakubwa wa kaunti wakaja kukagua faili, na jioni nikasahau. Hapana. Sikusahau. Kinoti angezitazama mara moja na kumwambia Baba.

Jumapili, 30 Machi

Mwenda alipiga nikiwa kanisani. Ndugu yangu hapigi simu Jumapili, kazi ya maua kule Timau haina Jumapili. Nikatoka nje nikijua.

Baba na Mama walikuwa wanatoka misa ya kwanza. Manyunyu. Kwenye kona iliyo chini ya kituo cha majani chai gari likaacha barabara, likaingia mtaro, likalala kwenye majani ya watu. Mama mkono wa kulia umevunjika mara mbili. Baba amepasuka kipaji cha uso. Wachumaji chai ndio waliowatoa.

Nimefika hospitali saa tisa. Mama amelala. Baba ameketi kwenye benchi na bandeji kichwani, kofia mkononi. Nikapiga magoti mbele yake. Akasema sikuiona kona, Karimi. Ni haya macho. Nimemvunja mama yako.

Ningesema pale. Kulikuwa na watu. Hata kama hakungekuwa na watu, singesema.

Jumatatu, 31 Machi

Nimeomba ruhusa kazini siku tatu.

Mama ameamka. Neno la kwanza baada ya maji: Baba yenu alipunguza mwendo kabla ya kona. Aliiona. Gari ndilo lililovuta, kama mtu amelishika mguu. Mwenda akamwambia, Mama, pumzika, uligonga kichwa. Akarudia. Nami nikamwambia pumzika.

Mimi. Nilimfunika blanketi na kumwambia pumzika.

Mchana Kinoti alilivuta gari hadi gareji yake. Nilienda peke yangu. Ile ya mbele kushoto imepasuka ubavuni, chale ndefu, na ndani ya madigadi rangi imekwanguliwa mpaka bati linang'aa. Kinoti alichuchumaa akaifuta kwa kitambaa, akanionyesha namba nne ndogo ubavuni. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka zilipotengenezwa. Hizo tairi zina miaka kumi na mbili. Mpira umekauka, ukiukunja unaona nyufa. Ilikuwa ikisuguliwa kila kona mpaka ikakatika.

Akauliza, "Nani alimnunulia Mwalimu hizi?"

Nikasema sijui.

Akanitazama. Akaanza kufuta mikono.

Jumanne, 1 Aprili

Sijui. Nilisema sijui.

Alhamisi, 3 Aprili

Mama ametoka hospitali. Plasta mpaka juu ya kiwiko. Nimempikia uji, nimemlisha kwa kijiko. Anakunywa akinitazama.

Mwenda alitaka tuzungumze kama familia. Tukakaa sebuleni. Alizungumza vizuri, sitasema alikuwa mbaya. Baba, umetuendesha miaka mingi, sasa inatosha. Kuna msimamizi wa shamba la ngano kule Timau anayependa magari ya zamani, atalichukua hata likiwa hivyo. Mama akasema tena, alipunguza mwendo. Hakuna aliyemjibu.

Baba hakubishana. Nilingoja abishane. Alitoa funguo mfukoni, akaziweka mezani, na juu yake akaweka leseni yake. Hakuna aliyemwomba leseni. Akasema afadhali amemvunja Mama mkono kuliko kumuua mtoto wa mtu akitoka Sande skuli.

Mwenda akanigeukia. "Na wewe dada unasema nini?"

Nikasema Mwenda yuko sawa.

Nimeyaandika ili niyaone. Ni mabaya zaidi hivi, kwa wino.

Jumatano, 9 Aprili

Embu. Kazi. Nimemfokea mzee mmoja aliyeleta fomu bila nakala ya kitambulisho. Ana umri wa Baba. Alisema pole mara mbili, na makosa hayakuwa makubwa. Nilienda msalani nikalia, nikaosha uso, nikarudi kumtafuta. Alikuwa ameondoka.

Mama amepiga kwa mkono wa kushoto. Baba hakwenda kanisani Jumapili. Hakwenda sokoni. Anakaa kwenye kiti cha jikoni. Jana jirani alikuja kumsalimia, Baba akamwambia aingie mwenyewe, hatoki, hataki kukanyaga kitu. Mnunuzi anakuja Jumamosi saa tano. Nije, asema Mama. Hakusema kwa nini.

Ijumaa, 11 Aprili

Lanchi nikapita kwa Ireri. Sijui nilitaka nini. Labda nilitaka anidanganye. Alinikumbuka. Akauliza mzee anaendeleaje na gari. Nikamwambia. Akavua kofia, akasema maneno ya pole. Hakusema nilikuambia. Nilitamani aseme.

Nimeandika ujumbe kwa Mwenda mara tano. Nimeufuta mara tano.

Kinoti pia amepiga, mara moja tu. Amesema gari amelinyoosha na kulirudisha nyumbani juu ya tairi zake kuukuu za awali, ambazo Baba alikuwa ameziweka. Halafu akasema: "Mwalimu aliniuliza kama kona ile iko na shida. Sikumwambia juu ya tairi. Nilifikiri kuna mtu wa kumwambia." Akakata.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimesema.

Nilifika saa nne. Gari limesimama uani, limeoshwa. Baba jikoni, kwenye kiti, amevaa tai. Mama kando yake na mkono kwenye kitambaa. Mwenda mlangoni akingoja simu ya mnunuzi. Nilikuwa nimepanga niombe kuzungumza na Baba peke yake. Mdomo haukungoja.

Nikasema, "Baba, usiuze. Hayakuwa macho yako. Ni tairi, na tairi nilinunua mimi."

Mwenda akasema eti nini.

Nikaanza tena. Nikasema zilikuwa pana, zilikuwa za mtumba, zilikuwa na miaka kumi na mbili, ya kushoto ilikuwa inasuguliwa na bati mpaka ikapasuka. Kinoti amezipima. Nikasema yote kwa haraka kama mtoto anayekariri.

Baba akauliza kwa sauti yake ya darasani, wala si ya hasira.

"Karatasi ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Uliisoma?"

"Niliisoma."

"Mahali nilipiga mstari, uliona?"

"Niliona, Baba."

"Na nilipokuuliza kama ndizo zile?"

Akangoja. Huwa anangoja mpaka ujibu. Nikasema nilikudanganya. Sikutaka kurudi mara ya pili, nilikuwa na sherehe.

Mwenda akageuka akaanza kunipigia kelele, kwa Kimeru, maneno ambayo sitayaandika. Baba akainua mkono, Mwenda akaacha.

"Unajua," Baba akasema, "tangu siku ile nikienda choo mchana nashika ukuta. Mchana kweupe. Nilikuwa naona njia vizuri, lakini niliogopa kwamba sioni."

Mama ndiye aliyelia. Nilimfikia, akanisukuma kwa mkono mzima.

"Nilisema alipunguza mwendo. Siku ya kwanza, kitandani. Nani alinisikiza? Wewe ulikuwa unajua nasema ukweli, ukanifunika blanketi."

Ndiyo. Hilo ndilo lililoniangusha chini. Sakafuni kulikuwa na majivu. Nilikaa hapo hapo.

Mnunuzi alifika saa tano na nusu, na gari kubwa jeupe. Baba alitoka mwenyewe, hakushika ukuta, akamsalimia, akamwambia samahani, gari haliuzwi. Akamkaribisha chai. Mtu yule akanywa, akasifu gari, akaenda. Kwa muda wote huo mimi nilikuwa jikoni naosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Jumapili, 13 Aprili

Nililala kwao. Hakuna aliyenifukuza, hakuna aliyenikaribisha. Asubuhi Baba alitembea kwenda kanisani na matawi ya mitende. Kilomita tatu. Mwenda akamfuata. Mama hakuniambia nibaki wala niende. Nilimchana nywele. Alikubali kuchanwa.

Niliondoka kabla hawajarudi.

Jumanne, 22 Aprili

Pasaka nilikuwa Embu. Nilisema nina kazi. Kaunti nzima ilikuwa likizo.

Nimempigia Baba. Nikamwambia nitaagiza zile 165 kwa Ireri, mpya, zenye namba za mwaka huu, na tyubu, nitazileta mwenyewe hata ikiwa mara kumi. Akasema nisijisumbue. Kinoti atazishughulikia.

Aliposema nisijisumbue hakuwa ananikejeli. Ndiyo sababu imeniuma.

Jumatatu, 28 Aprili

Kinoti alikuja Embu. Walikuwa wawili, yeye na Baba. Nimejua kwa Ireri, nilipopita kumuuliza kama Kinoti ameshaagiza zile 165. Walikuwa wametoka hapo asubuhi. Baba aliketi kwenye kibao, akaletewa tairi moja moja, Kinoti akimsomea namba kwa sauti, Baba akirudia. Upana. Wiki. Mwaka. Moja aliikataa kwa sababu ilikuwa imezizidi nyingine umri kwa miezi minane. Ireri amesema hajawahi kumuuzia mtu tairi polepole hivyo, na ameipenda hiyo siku.

Duka liko hatua mia mbili kutoka ofisini kwangu. Hakupita. Kwenye kioo cha ofisi yetu unaweza kuona watu wakipita. Nilikuwa hapo siku nzima nikigonga mihuri.

Ijumaa, 16 Mei

Mwenda amempeleka Baba kliniki ya macho. Ana mtoto wa jicho kweli, la kushoto. La kulia bado zuri. Daktari amesema aendeshe mchana tu, taratibu, mpaka la kushoto litakapofanyiwa upasuaji. Mwenda alinieleza haya kwa simu kwa sauti ya kawaida, ya kwanza tangu Aprili. Halafu akasema hata yeye alikuwa ameshaamua kuhusu macho kabla ya kuuliza mtu yeyote. Hakusema zaidi. Nikamshukuru kwa kupiga.

Nafuu, halafu aibu kwa sababu ya nafuu. Macho yana shida kidogo, na mahali fulani ndani yangu kuna mtu aliyefurahi kusikia hivyo. Simpendi mtu huyo.

Jumapili, 25 Mei

Mama ametolewa plasta. Mkono umekuwa mwembamba, haunyooki mpaka mwisho. Daktari amesema huenda usinyooke kabisa. Mama amesema ni wa kubebea kiondo tu, kiondo hakihitaji mkono ulionyooka. Alicheka. Mimi sikuweza.

Nilimwomba msamaha tena. Akasema amesikia mara ya kwanza, nisimfanye awe ananisamehe kila wiki kama kazi ya shamba.

Jumamosi, 14 Juni

Baridi. Ukungu mpaka mlangoni. Nilikuwa nyumbani tangu jana.

Asubuhi tulipukuchua mahindi, mimi na Mama, tukiongea habari za watu. Mkono wake unachoka haraka, anabadilisha. Baba alikuwa uani akipima upepo kwa kipimo kipya chenye namba kubwa. Nilimpelekea chai. Akapokea kwa mikono miwili, akauliza kazi, nikasema ni nzuri. Akauliza watoto. Tukazungumza hivyo, kama watu wa kanisa moja. Tairi nyembamba kabisa. Zinalifanya gari lionekane limesimama kwa vidole. Nilitaka kusema ni nzuri nikaona si mahali pangu.

Saa nane nikaaga. Kwa miaka yote Baba ndiye hunishusha mpaka steji, hata mvua ikinyesha, hata nikikataa. Alisema niende salama, nisalimie watoto. Sikuuliza.

Nilikuwa nimefika kwenye daraja la mti niliposikia injini nyuma yangu. Nikakaa kando, kwenye nyasi. Walikuwa wanakwenda mazoezi ya kwaya, Mama kiti cha mbele, leso kichwani, mkono wake umeshika dirisha. Ni mara yake ya kwanza tangu Machi. Hakuniambia kwamba atapanda. Baba alipunguza mwendo ili asinirushie matope. Akapiga honi mara moja, akapita.

Niliwatazama mpaka kona. Wakaichukua polepole, wakapotea.

Nikatembea hadi steji.